Kabla ya Kununua Mashine ya Kukereza Vyuma

Rangi mpya kwenye mashine ya kukereza iliyotumika haimwambii mnunuzi lolote. Ukweli uko kwenye kitanda, yaani reli ambazo kibebeo cha kisu huteleza juu yake.

Reli hulika zaidi karibu na chaki, ile sehemu inayoshika chuma, kwa sababu kazi nyingi hufanyika hapo. Mnunuzi makini hukaza kidogo boliti ya kufungia kibebeo kikiwa karibu na chaki, kisha hukisogeza hadi mwisho wa kitanda. Kikizidi kuwa kizito au kikikwama, reli zimelika.

Baadaye huwasha mota na kupitia spidi zote. Mngurumo wa kukwaruza ni dalili ya beringi mbovu. Mlio wa kugonga kwa mpigo maalumu unaashiria jino la gia lililovunjika.

Halafu akate chuma! Kipande kifupi kikerezwe bila kuegemezwa upande wa pili, kisha maikromita ipime ncha zote mbili. Tofauti ya milimita 0.1 inatosha kuharibu sehemu ya kukalia beringi.

Baadhi ya mashine za zamani za Uingereza, kama Colchester Student, zina skrubu kuu ya inchi. Kwa kuwa inchi 1 ni milimita 25.4, kukata nyuzi za milimita kwa usahihi kamili huhitaji gia ya meno 127. Muuzaji aulizwe kama anayo.

Mashine nyingi pia hutumia umeme wa fezi tatu. Karakana yenye fezi moja itahitaji kifaa cha kubadili umeme, na gharama yake ihesabiwe wakati bei bado inajadiliwa.