Kona za Chumba na Mkanda wa Urembo: Jaribu Kabla ya Kukata

(Mada iliyotolewa mbele ya watumiaji wa bidhaa na huduma za ujenzi)



Mkanda wa mbao unaozunguka chumba, pale ukuta unapokutana na dari, aghalabu hununuliwa mwishoni mwa ujenzi, wakati mfuko umekwisha kupungua. Kila kipande kinachokatwa vibaya humuuma mwenye nyumba. Nakusudia kueleza kwa nini vipande huharibika, na ni mambo gani mnunuzi ayahakikishe kabla msumeno haujawashwa.

Chanzo kikubwa cha hasara ni dhana kwamba kila kona ya chumba ina nyuzi 90 kamili. Fundi huweka msumeno wa kukatia pembe kwenye nyuzi 45, hukata vipande viwili, na hutarajia vikutane sawasawa. Kuta za matofali na lipu haziitii hesabu hiyo kila mara. Tuchukue kona ya nyuzi 92 na mkanda unaojitokeza sentimita 10 kwenye dari. Vipande vilivyokatwa kwa nyuzi 45 vitaacha mwanya wa karibu milimita 5 upande wa mbele, na mwanya huo huonekana na kila anayeinua macho.

Kinga yake ni rahisi. Fundi akate kwanza vipande viwili vifupi vya mabaki kwa nyuzi 45, avishikilie kwenye kona inayoingia ndani, kisha aangalie. Mwanya ukiwa mbele, kona ni pana kupita nyuzi 90: apunguze kipimo hadi 44 na kujaribu tena. Mwanya ukiwa nyuma, upande wa ukuta, kona ni finyu: aongeze hadi 46. Kila kona ijaribiwe peke yake, kwani kona nne za chumba kimoja huweza kutofautiana.

Aidha, mkanda wa dari hulazwa kwenye msumeno ukiwa umepinduliwa: ukingo utakaogusa dari hukaa chini kwenye meza ya msumeno, na ule utakaogusa ukuta huegemea kizuizi cha wima. Fundi akisahau jambo hili, pembe hugeuka na kipande hakifai tena.

Kuhusu kiasi cha kununua, chumba cha mita 4 kwa mita 3.5 kina mzunguko wa mita 15. Mikanda ya mita 3 ingekuwa mitano kamili, bila akiba yoyote kwa kosa au kwa mbao inayoliwa na msumeno. Nunua sita. Hakikisha yote ina umbo na upana mmoja, itazame kwa urefu ili kugundua iliyopinda, na udai risiti.

Kabla kazi haijaanza, kubalianeni kwa maandishi mambo matatu: malipo ya ufundi, muda wa kumaliza, na nani atagharimia vipande vitakavyokatwa vibaya. Makubaliano haya hayamdhalilishi fundi. Humlinda yeye dhidi ya lawama isiyo yake, na humlinda mteja dhidi ya kununua mbao mara mbili.

Iwapo wewe mwenyewe utashika msumeno, usalama ni wa kwanza. Vaa miwani ya kinga na barakoa ya vumbi. Usivae glovu wala nguo yenye mikono mipana, kwani msumeno unaozunguka huweza kuvinasa. Mkono ukae mbali na meno ya msumeno, angalau sentimita 15. Kipande kifupi kifungwe kwa jiliwa, kisishikwe kwa vidole. Baada ya kukata, achia swichi na usubiri msumeno usimame kabisa ndipo uuinue. Chomoa waya wa umeme kabla ya kubadili msumeno. Msumeno usio na kifuniko cha kinga usiuazime wala usiukodi.

Ndugu zangu, mbao iliyokatwa hairefuki tena, na majuto ni mjukuu. Mwombeni fundi awaonyeshe vipande vya majaribio vimekutana vizuri kwenye kona, kisha mruhusuni aguse mkanda mliounulia fedha zenu.