Imani Kazini ni Saini ya Pande Mbili



Malindi ni mlango wa Unguja. Anayekuja kwa njia ya bahari hushukia hapa, na kwa miaka mingi barua nazo zilishukia hapa. Tangu mwaka 1872, zilipoanza safari za kila mwezi za meli za barua za Kampuni ya British India kutoka Aden, mifuko ya barua iliteremshwa mbele ya mji huu. Wakati huo gati la Malindi lilikuwa halijajengwa. Lilijengwa katika miaka ya 1920. Meli zilitia nanga nje, na mizigo ikaletwa ufukweni kwa mashua. Posta yenyewe ilikuwa chini ya utawala wa India ya Waingereza hadi mwaka 1895. Baadaye ikapita mikononi mwa watawala mbalimbali: wakoloni, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Shirika la Posta na Simu, na tangu mwaka 1994 Shirika la Posta Tanzania.

Watawala walibadilika, stempu zikabadilika, hata sura ya Mfalme na ya Sultani ikaondoka juu ya bahasha. Jambo moja halikubadilika. Barua ni amana. Anayeitia sandukuni haimjui atakayeichukua, wala hamjui atakayeipanga, wala hamjui atakayeifikisha. Anaitia na kwenda zake. Hakuna kazi nyingi duniani ambazo mwananchi huziamini kiasi hicho bila ya kuuliza jina la mtu.

Kwa sababu hiyo inafaa kuuliza swali ambalo si la posta peke yake, bali ni la kila ofisi na kila shule: ikiwa mwananchi anamwamini mfanyakazi wa posta kwa barua yake, je, mkuu wa posta anamwamini mfanyakazi huyo kiasi gani? Na mfanyakazi naye anamwamini mkuu wake kiasi gani?

Posta ina jawabu lake la zamani, nalo limo ndani ya barua ya rejista. Barua ya rejista haipiti kutoka mkono mmoja hadi mwingine kimya kimya. Karani anayeipokea hutoa stakabadhi. Anayemkabidhi mwenzake huandika, na anayekabidhiwa hutia saini. Kila hatua ina majina mawili: la aliyetoa na la aliyepokea. Wengi hudhani kwamba saini hiyo ipo ili kumkamata mwizi. Hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba saini hiyo humkinga mwaminifu. Barua ikipotea, aliyekwisha kuikabidhi hufungua kitabu na kuonyesha kwamba mkono wake ni safi. Kanuni hiyo haimtuhumu mtu yeyote, na wala haimpendelei mtu yeyote. Inawabana wote sawasawa, na kwa hiyo wote huiheshimu.

Msiba huingia pale saini inapokuwa ya upande mmoja.

Mfano mkubwa wa zama zetu umetoka Uingereza, nchi iliyotufundisha mambo mengi ya posta. Tangu mwaka 1999, Shirika la Posta la nchi hiyo liliweka katika posta zake ndogo mtambo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa posta hizo za mitaani na vijijini walikuwa wakifunga hesabu jioni na kukuta kompyuta inadai kwamba fedha zimepungua. Mkataba uliwataka wajaze pengo kutoka mifukoni mwao. Wengine walijaza mpaka akiba zikaisha. Mmoja wao, Lee Castleton wa mji wa Bridlington, alipiga simu ya msaada mara 91 kuomba aelezwe kosa liko wapi. Hakupata jawabu. Alipelekwa mahakamani, akashindwa mwaka 2007, akaamriwa kulipa gharama za kesi zipatazo pauni 321,000, akafilisika.

Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa kutegemea hesabu za mtambo huo, wengi wao wakishitakiwa na Shirika lenyewe. Baadhi walifungwa jela. Waliolalamika waliambiwa mara kwa mara kwamba ni wao peke yao wenye matatizo. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wasimamizi 555 wakiongozwa na Alan Bates, iliamua kwamba mtambo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na kwamba watu wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za posta kutoka mbali bila ya msimamizi kujua. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu za mamia ya wengine. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa Julai 2025, ilieleza kwamba huenda watu 13 walijiua kwa sababu ya dhiki hiyo.

Katika habari hii mtambo si mkosaji mkuu. Mashine haina nia. Kosa lilikuwa la viongozi waliochukua kitabu chenye saini moja wakakiita ushahidi. Mfanyakazi hakuruhusiwa kuona ndani ya hesabu iliyomhukumu. Alipouliza, swali lake lilihesabiwa kuwa ni dalili ya hatia. Na wakuu, badala ya kukusanya malalamiko yote mahali pamoja na kuona kwamba yanafanana, walimtenga kila mlalamikaji na mwenziwe. Laiti barua moja ya rejista ingeshughulikiwa hivyo, posta ingefungwa kwa aibu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Ulaya. Ni kweli, lakini Malindi nayo ina historia yake. Mwezi Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari, waliokuwa chini ya kampuni ya African Wharfage, waliweka kazi chini kwa sababu ya ujira mdogo na ukali wa maisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka mmoja nyuma Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zimekwisha kuona migomo kama huo, kwa hiyo hakuna mwajiri wa pwani hii aliyekuwa na haki ya kusema kwamba ameshtukizwa. Ilipofika Septemba, mgomo ulikuwa umetoka bandarini na kuenea mjini. Wachukuzi hawa hawakuwa na magazeti wala wanasheria. Walikuwa na mikono yao tu, na walipoona kwamba masikio ya wakubwa yamezibwa, waliikunja mikono hiyo. Mgomo wa namna ile hauanzi siku kazi inaposimama. Huanza siku lalamiko la kwanza linapotiwa katika mtoto wa meza na ufunguo kuzungushwa.

Baada ya Uhuru na Mapinduzi, Chama kililiona jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa mwezi mmoja baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Uganda, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa wale anaowaongoza. Chama cha huku Visiwani kilikuwa Afro-Shirazi, na vyama hivyo viwili viliungana mwaka 1977; lakini maneno yale yalivuka bahari kabla ya vyama kuungana. Huko Dar es Salaam wafanyakazi walikitaja kifungu cha kumi na tano kwa namba, kama mtu anayetaja jina la rafiki. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda kadhaa vilisimama, na migogoro mingi katika hiyo haikuhusu mishahara. Ilihusu matusi, ubabe na mameneja waliojifanya miungu wadogo. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel walifika hata kukichukua kiwanda na kukiendesha wenyewe. Lililokosekana kabla ya hapo lilikuwa heshima, na heshima haina fungu katika bajeti. Haigharimu hata senti moja.

Lakini haifai kumlaumu mkuu wa chumba kimoja na kusahau ahadi za juu yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika lake la Posta na Simu, ambalo makao yake makuu yalikuwa Kampala, lilivunjika nalo. Maelfu ya makarani, mafundi wa simu na wapeleka barua walirudi makwao na haki zao zikiwa katika makaratasi. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini mjini Arusha makubaliano ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikabeba wajibu wa kuwalipa watu wake. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania, waliozidi 30,000 katika mashirika yote ya Jumuiya, walilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2005. Hata baada ya hapo wazee waliendelea kudai mitaani kwamba hesabu haijakamilika. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 40 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na miaka 68 makubaliano hayo yalipotiwa saini, kama alikuwa hai. Kijana aliyemwona baba yake akingoja hivyo hataamini tangazo la ubaoni kwa sababu tu limepigwa muhuri. Imani hurithiwa, na kutoaminiana nako hurithiwa.

Hapa mkuu wa kazi ana hoja yake, nayo ni ya haki kusikilizwa. Wizi upo. Vifurushi hufunguliwa, fedha hupungua, na lawama yote humwangukia yeye. Methali ya wahenga iko wazi: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa nini asimshuku kila mtu?

Jawabu liko karibu, katika soko la samaki la hapa hapa Malindi. Mchuuzi mzoefu hatupi tenga zima kwa sababu ya harufu. Hugeuza samaki mmoja mmoja, akatazama jicho na shavu, akamtoa aliyeharibika. Methali ile inaonya juu ya kuchelewa. Haikutoa ruhusa ya kuhukumu bila ya kutazama. Mkuu anayewashuku wote hamkamati mwizi, kwa kuwa mwizi hujificha vizuri zaidi pale ambapo kila mtu ni mtuhumiwa. Anachokipata ni kwamba waaminifu huacha kumwambia wanayoyaona. Na mkuu asiyeambiwa kitu ni kipofu aliyekalia kiti kikubwa.

Basi kanuni ya barua ya rejista na iingie katika mambo ya watu. Kwanza, lalamiko la mfanyakazi liandikwe, lipewe namba na tarehe, na mkuu atie saini kwamba amelipokea, kama vile mfanyakazi anavyotia saini kwa mfuko wa barua. Jawabu, hata likiwa ni hapana, lirudi kwa maandishi. Pili, upungufu wa fedha ukionekana, anayedaiwa aonyeshwe hesabu yote mbele ya mwakilishi wake kabla ya kuambiwa alipe. Sheria za kazi za Zanzibar za mwaka 2005 zimempa mfanyakazi haki ya kuwa na chama chake. Mkuu mwenye busara atakiona chama hicho kuwa ni shahidi wa pande zote mbili. Tatu, makosa yanayojirudia yakusanywe mahali pamoja. Makarani watatu wakilia kuhusu mashine moja, mashine ichunguzwe kabla ya makarani.

Mfanyakazi naye ana deni lake. Hawezi kudai kuaminiwa huku akimficha mwenziwe anayefungua barua za watu. Kumfichia mwizi si umoja wa wafanyakazi. Ni khiyana kwa yule mama wa Makunduchi au Mkoani anayengoja kifurushi cha mwanawe. Wala hawezi kudai heshima ya mkuu huku mwananchi kaunta akijibiwa bila ya kutazamwa usoni. Dharau hushuka ngazi: mkuu humpa karani, karani humpa mwananchi. Anayetaka kuikata na aanze kwenye ngazi aliyosimama.

Haya hayahusu posta tu. Mwalimu mkuu anayefunga kitabu cha mahudhurio dakika moja baada ya kengele bila ya kuuliza mwalimu ametoka shamba gani, na mkuu wa idara anayeandika ripoti ya siri ambayo mwenyewe haioni, wote wanaweka vitabu vyenye saini moja. Jina lake la zamani ni umangimeza, na uhuru haukuuondoa. Uliubadilisha viti tu.

Kila siku meli hufunga gatini Malindi, na abiria wanaoshuka wanawapa wachukuzi wasiowajua mizigo yao. Nchi nzima husimama juu ya imani ndogo ndogo za namna hiyo. Zikitunzwa kwa haki, hakuna anayeziona. Zikivunjwa, hakuna kompyuta, wala askari, wala waraka utakaozirudisha upesi. Kiongozi anayetaka kuaminiwa na aanze leo kutia saini upande wake wa kitabu.