Kisu cha Kukunja Langoni: Maneno ya Mtendaji wa Kata


Sikukuu ya Idi inakaribia, na wengi wenu mtawapeleka watoto kwenye mabembea. Mwenye kisu cha kukunja mfukoni, hata kiwe cha kumenyea machungwa tu, atazuiwa langoni. Najua baadhi ya visu hivyo ni urithi wa wazee. Ndiyo maana nasema mapema. Mlinzi hasomi nia ya mtu, na bembea ikiruka juu, kilichomo mfukoni huwaangukia walio chini.

Kiacheni nyumbani. Aliyesahau asikifukie mchangani kando ya uzio, kama wafanyavyo wengine: watoto hucheza hapo pekupeku. Akirudishe nyumbani, ijapokuwa mtoto atalia. Nasi tumewaomba walinzi wasichukue kisu cha mtu pasipo kumwandikia stakabadhi.