SOMO LA AFYA: KIDONDA HUPONAJE?

Juma lililopita tulizungumza habari za damu. Leo tutajifunza jinsi kidonda kinavyopona.

Mtu amejikata kwa jembe. Damu inatoka, kisha inaganda. Je, kumetokea nini? Mahali palipokatwa hutokea nyuzi nyembamba sana za protini iitwayo faibrini. Nyuzi hizo hunasa chembe za damu, kama wavu unasavyo samaki.

Lakini kila mvuvi ajua kwamba nyuzi zisizofungwa mafundo si wavu. Basi ni nani afungaye mafundo hayo? Ni kimeng'enya. Kimeng'enya ni kitu kidogo mno kinachoharakisha kazi za mwili, nacho chenyewe hakiishi. Kimeng'enya hiki madaktari hukiita faktori 13. Kazi yake ni kuunganisha uzi na uzi, protini na protini.

Mwaka 1960 madaktari wa Uswisi walieleza habari za mtoto aliyezaliwa na upungufu wa faktori hiyo. Damu yake iliganda, lakini haikushika sawasawa. Ilitoka tena, na vidonda vyake vilipona kwa shida.

Kwa nini vilipona kwa shida? Kwa sababu wavu ule una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzuia damu. Kazi ya pili ni kutunza akiba. Chembe zilizonaswa humo hutoa vichocheo vya ukuaji. Hizi ni protini zinazoamuru chembe za mwili zigawanyike na kujenga nyama na ngozi mpya. Vichocheo vikiwa huru, maji ya kidonda huvichukua vikapotea. Vikishikwa na wavu, hukaa palepale panapohitajiwa, navyo hutoka kidogo kidogo kadiri wavu unavyoyeyuka.

Lakini kila kitu kina kiasi chake. Katika nyama za mwili mna kimeng'enya kingine cha ukoo huo huo. Kikifanya kazi kupita kiasi, huweza kuzidisha nguvu ya kichocheo kimoja, na mahali pa nyama laini pakajengwa kovu gumu.

Sasa shikeni mambo haya:

1. Osheni kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha kifungeni kwa kitambaa safi.
2. Msitie majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa.
3. Kitambaa kikigandamana na kidonda, kiloweshwe kwanza kwa maji safi. Ukikivuta kwa nguvu, wavu hukatika.
4. Msibandue kigaga. Chini yake kazi inaendelea.
5. Jeraha likiwa kubwa au limeingia udongo, nendeni zahanati upesi, kwa maana kuna hatari ya pepopunda.

MASWALI

1. Wavu wa damu una kazi gani mbili?
2. Ni nini hufunga mafundo yake?
3. Kijijini kwenu watu hutia nini kidonda? Je, inafaa?

Jadilianeni na mwalimu wenu. Kwaherini.