Vijana Wetu Katika Mwaka wa Maradhi
Hotuba ya Katibu kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya Fungu la Vijana, ambalo mtalipigia kura alasiri hii. Liko pendekezo kwamba fungu hilo livunjwe, fedha zake ziongezwe katika malipo ya kahawa. Siwalaumu waliolitoa, mkulima hana fedha za kuchezea. Nawaomba tu tuukumbuke mwaka 2020 kabla hatujainua mikono.

Tarehe 13 Machi mwaka ule ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana hapa Kenya. Baada ya siku 2 ikatoka amri ya kufunga shule, na tangu tarehe 27 tukakatazwa kutoka nje usiku. Madarasa machache yalirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Watoto wengine walikaa nyumbani hata tarehe 4 Januari 2021. Kila mzazi hapa anajua maana ya miezi 9 bila mwalimu.

Wenye mipango ya vijana walikuwa na njia mbili: kufunga mlango na kungoja, au kubadili kazi. Huko Kibera, Shining Hope for Communities, iliyoanzishwa na Kennedy Odede mwaka 2004 kwa kundi la vijana na mpira mmoja, iliweka mahali pa kunawia mikono katika mitaa yenye shida ya maji. Serikali nayo ilianzisha Kazi Mtaani, na vijana wa sehemu kama Mathare na Mukuru wakalipwa ujira kwa kuzibua mitaro na kusafisha vichochoro. Marekani, vilabu vya 4-H, ambavyo chanzo chake ni Ohio mwaka 1902, na ambavyo vilabu vyetu vya 4-K vilifuata mfano wake, vilipeleka mafunzo majumbani, na wanachama wake wengi wakashona barakoa.

Na sisi je? Fungu letu liliwekwa kwa ajili ya mpira na mashindano ya miche. Halmashauri ilipotaka kununua sabuni na mapipa ya maji, nakiri kwamba mimi ndimi niliyepinga. Nilisema kitabu cha hesabu hakina safu ya sabuni. Mzee mmoja akaniuliza, "Katibu, kitabu hicho ni cha nani?" Sikuwa na jibu.

Basi vijana 12 wakashika zamu kiwandani, wakapanga foleni ya mizani watu wakiachana hatua mbili. Kahawa ya wazee waliokatazwa kutoka waliifuata majumbani, na stakabadhi wakazirudisha bila kupotea hata moja. Jioni, kabla ya saa ya amri, waliwasomesha wadogo zao, wachache wachache. Kiwanda hakikufungwa hata siku moja msimu ule.

Lakini hatukufaulu katika yote. Shule zilipofunguliwa, baadhi ya binti zetu hawakurudi, kwa kuwa walikwisha kuwa mama. Tulihesabu vipande vya sabuni, wala hatukuwahesabu wao. Kamati ya vijana ilikuwa ya wavulana watupu, wala hapakuwa na mtu ambaye msichana angeweza kumwendea.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kwanza, Fungu la Vijana lisivunjwe. Pili, iandikwe safu ya dharura, ili siku ya shida Katibu asipate kisingizio kama nilichokuwa nacho mimi. Tatu, nusu ya viti vya kamati ya vijana viwe vya wasichana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Fedha hizi zikigawanywa leo, kila mmoja wetu atapata kiasi cha kununulia sukari ya juma moja. Zikikaa pamoja, zinaweza kulinda kiwanda kizima. Hakuna mkulima wa kahawa ang'oaye mche kwa sababu haukuzaa mwaka ule ule alioupanda. Sisi sote tulingoja miaka, tukipalilia.

Ndugu Mwenyekiti, naliacha jambo hili mikononi mwa Mkutano, wenye kitabu.