Sura Niliyoiruka

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kwa Mrombo, Arusha



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya uzazi na mahusiano mashuleni. Najua wengi wenu mmekuja Kwa Mrombo kwa ajili ya nyama choma, kwa hiyo sitawachosha.

Sisi tuliolala bwenini tulifundishwa jambo hili na nani? Na kaka zetu wa vidato vya juu, taa zikishazimwa. Yaliyobaki tukayasoma kwenye kuta za vyoo. Babu zetu wa Kiarusha na Kimeru walikuwa na jando, kijana hakuachwa ajifundishe mwenyewe. Tukaiacha shule ichukue nafasi ya jando, nayo shule ikanyamaza.

Hata mimi nilinyamaza. Nilipokuwa mwalimu wa Baiolojia nilichora ua, nikaeleza chavua, nikamalizia na sungura. Ya binadamu niliyapitia mbio mbio kwa Kiingereza, nikijua fika hawataelewa, kisha nikafuta ubao. Mwaka 1986 binti mmoja wa kidato cha tatu alipata mimba. Kikao cha walimu hakikuzidi dakika ishirini. Afukuzwe, ndio uliokuwa utaratibu. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa. Mvulana aliyehusika tulimjua sote. Alifanya mtihani wake wa kidato cha nne, akafaulu.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi akabiliwe na kifungo cha miaka 30. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito aruhusiwe kurudi shuleni. Nashukuru kwa yote mawili, ila yote mawili huanza kazi mimba ikishaingia. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Ule wa 2015/16 ulionyesha asilimia 27. Imepungua, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Wapo wasemao kumweleza kijana ni kumwasha. La hasha. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliotegemea tafiti za nchi nyingi, unasema elimu hii haiwaongezei vijana ngono.

Siku hizi kila Jumatano nakwenda shule moja ya sekondari huku kwetu. Naweka mezani kopo la maziwa lililotobolewa, na kila mmoja hutumbukiza swali lake bila jina, kwa Kiswahili. Ni kweli mara ya kwanza mimba haiingii? Si kweli. Kuna siku za salama? Nawaambia mbegu ya kiume yaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hata siku tano, na mzunguko wa binti mdogo mara nyingi haujatulia, basi ahesabu nini? Wavulana huuliza zaidi ya wasichana, jambo ambalo sikulitegemea.

Siku moja nilitoa karatasi hii: "Mtu wa pikipiki ananipa lifti kila siku, sasa anadai. Nimkataeje?" Hilo halimo katika kitabu chochote nilichofundishia. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikaenda kwa mwalimu wa malezi. Tuliitisha wazazi, na sasa watoto wa upande ule hutembea kwa makundi, na mama mmoja huwasindikiza hadi barabarani. Aliyeandika hatukumtafuta. Tungemtafuta, kopo lingebaki tupu.

Mwezi uliopita, katika soko la Kilombero, mama mmoja muuza ndizi aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yule binti wa 1986. Hakunilaumu, alinifungia ndizi, akaniambia mjukuu wake yuko kidato cha pili. Kisha akauliza, "Siku hizi mnawaeleza?"

Nilimjibu kwamba naeleza katika shule moja. Mjukuu wake hasomi pale.

Ndugu Mwenyekiti, naomba wanachama wanne, hasa madaktari na wauguzi tulio nao hapa, kila mmoja achukue shule moja na Jumatano moja. Makopo ninayo. Daftari la majina liko kwa Katibu, na naona nyama imeshaanza kukatwa.