Kwanza Banda, Kisha Kuku: Maelezo ya Kamati ya Fedha kuhusu Mradi wa Mayai

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti, wazee wetu mliosafiri kutoka Pangani, ndugu na jamaa.

Tumepewa dakika chache tueleze kwa nini bajeti ya mradi wa mayai wa kina mama wa nyumbani imetenga fedha nyingi kwenye banda kuliko kwenye kuku. Swali hili limeulizwa tangu rasimu ilipotoka, na ni la haki. Mtu akichanga anataka kusikia kuku wangapi wamenunuliwa. Hakuna anayepiga picha na paa.

Tuanze na mbegu, maana ndiko ubishi uliko. Mtetea wa kienyeji, akiachwa atage, aatamie na alee vifaranga, hutoa mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na kwa kawaida yai lake halifiki gramu 50. Kuku wa kisasa wa mayai hukaribia 300, yai la gramu 60 hivi. Katikati wapo chotara, Kuroiler mwenye asili ya India na Sasso wa Ufaransa, ambao miaka ya karibuni walijaribiwa kwa wafugaji wa vijijini wa Tanzania, Ethiopia na Nigeria. Hao hutaga mara mbili hata tatu ya kienyeji, na nyama yao inauzika. Kuchi wetu wa pwani tunampenda kwa urefu wake na bei yake, lakini ni kuku wa nyama na wa majivuno, si wa trei.

Mbegu, basi, ndiyo inayoamua idadi, ukubwa na rangi ya ganda. Lakini rangi hiyo haina maana yoyote kwa mlaji: yai jeupe na la kahawia lishe yake ni moja. Kiini cha njano iliyokolea, ambacho wateja hukiita alama ya kienyeji, hutokana na majani anayokula kuku. Mfungie kuku wa kienyeji ndani, mpe pumba na mahindi meupe tu, kiini chake nacho kitapauka. Majani ya mlonge yaliyokaushwa humrudishia rangi kuku yeyote. Dagaa nao wakizidi kwenye chakula, yai hunuka shombo. Sisi wa pwani tuliangalie sana hilo, maana dagaa kwetu ni rahisi kupatikana.

Sasa ganda, ambalo ndilo linalotugharimu. Yai la gramu 60 lina ganda la gramu 6 hivi, na ndani yake gramu 2 na kidogo za kalsiamu, karibu sehemu ya kumi ya kalsiamu yote iliyo mwilini mwa mtetea. Hutoa kiasi hicho karibu kila siku. Ganda huchukua kama saa 20 kujengwa, na sehemu kubwa hujengwa usiku. Kuku hana jasho. Fukuto la kaskazi likianza, Januari hadi Machi, joto likapita nyuzi 30, hutweta mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili. Kwa kutweta hivyo hupoteza hewa ukaa kutoka kwenye damu, na hewa hiyo ndiyo inayoungana na kalsiamu kutengeneza ganda. Wakati huohuo hula kidogo. Ganda huwa jembamba, liwe la mbegu ghali namna gani.

Tulipige hesabu kihasibu. Chukua kuku 300, watagao mayai 240 kwa siku, yaani trei 8. Kila trei ikipoteza yai moja tu kwa kupasuka, mnapoteza mayai 8 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni mayai 240. Hiyo ni kazi ya siku nzima ya banda zima, na chakula cha siku hiyo kimeshaliwa: kuku mmoja hula gramu 120 hivi, kwa hiyo kuku 300 ni kilo 36. Yakipasuka mayai mawili kwa trei, zimepotea siku mbili. Kuongeza kuku hakuzibi tundu hilo, kunalipanua.

Ndiyo maana banda. Ramani tuliyoikubali ni mita 6 kwa mita 10, ili kila kuku watano wapate mita moja ya mraba. Urefu wake utalala mashariki kwa magharibi: jua la asubuhi na la jioni halitaingia kwa ubavu, na ubavu mrefu utapokea upepo wa kaskazi na wa kusi. Ukuta mfupi, juu yake wavu. Paa la makuti, kwa sababu bati tupu hupika. Makuti yana panya na utitiri, tunajua, nayo huchakaa. Gharama ya kuezeka upya tumeshaiweka kwenye bajeti. Mlango uwe imara dhidi ya vicheche, maana kuku akitishwa usiku yai la asubuhi huweza kutoka limepauka au lina vumbi la chokaa juu ya ganda.

Ndugu zetu kadhaa walipendekeza vizimba vya waya. Ni kweli yai la kizimbani hutoka safi. Lakini vizimba ni ghali, waya ukilegea hupasua mayai, na kuku aliyebanwa kwenye fukuto hana pa kukimbilia. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya kawaida tangu 2012. Wengine walisema tuwaachie wazurure. Hapo kiini kitapendeza, lakini yai litaokotwa kichakani siku ya tatu, na kideri kitapita. Tumechagua kuku wa kisasa wa yai la kahawia, banda la maranda makavu, masanduku ya kutagia 60, na uwanja wenye uzio na kivuli (si chini ya mnazi wenye nazi mbivu, tulishacheka vya kutosha kikaoni). Chanjo ya kideri ni lazima, na kuku wa kienyeji wa kina mama wabaki majumbani, mbali na banda.

Kalsiamu tunayo ufukweni. Maganda ya chaza na kombe yapondwe yawe chembe, si unga, kwa sababu chembe huyeyuka polepole na kumfaa kuku usiku, ganda linapojengwa.

Kipengele cha mwisho ni chumba cha mayai. Maziwa ya Tanga hupimwa kituoni kabla ya kupokelewa. Yai hakuna anayelipima, mteja hulijua kwenye kikaango. Ute wake mzito huyeyuka siku baada ya siku, na joto huharakisha. Kwa hiyo mayai yaokotwe mara tatu au nne kwa siku, yasioshwe kwa maji, yakae kivulini ncha nyembamba ikiwa chini, na yapelekwe Tanga mara mbili kwa wiki. Ni kilomita 50 tu, ila trei zifungwe vizuri.

Fomu za ahadi ziko kwa dada zetu pale mlangoni. Zimegawanywa kwa mita ya paa, roli ya wavu na sanduku la kutagia, ili kila mtu ajue fedha yake imekwenda wapi. Kuku wamo ukurasa wa pili. Mwenye shamba la minazi anaweza kutoa makuti. Tutayathaminisha kwa bei ya Pangani na kumwandikia stakabadhi kama aliyetoa fedha taslimu.